Takwimu zisizorudi wodini haziponyi mgonjwa

SAA nane usiku, mama mjamzito anateremshwa kutoka katika ambulansi kwenye lango la hospitali ya rufaa mjini Thika. Ametoka Ruiru, safari isiyozidi kilomita 25 katika barabara kuu ya Thika. Kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu na miguu imevimba. Muuguzi aliye zamu anahitaji majibu ya maswali machache tu. Shinikizo lake la damu lilikuwa kiasi gani mwezi uliopita? Damu yake ni ya kundi gani? Amepewa dawa gani tangu jioni? Je, amewahi kujifungua kwa upasuaji?

Majibu yote hayo yapo, ila yametawanyika. Moja limo katika kijitabu cha mama na mtoto kilichosahauliwa nyumbani juu ya meza. La pili limo katika rejista ya kliniki ya wajawazito kule Ruiru. La tatu limo katika tarakilishi ya zahanati ya kibinafsi iliyompima damu. La nne limo kichwani mwa mhudumu aliyempandisha kwenye ambulansi, ambaye zamu yake imekwisha na sasa amelala. Basi muuguzi huyo hana budi kuanza upya, na dakika zinayoyoma.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini wahudumu wengi wa afya kati ya Ruiru na Thika hawatapata taabu kukitambua. Kinatuonyesha kwamba hospitali yaweza kuwa na daktari hodari, dawa za kutosha na chumba cha upasuaji, na bado mgonjwa akadhurika kwa kukosa habari. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uhai nao ni mali.

Katika miaka ya hivi karibuni, serikali, vyuo vikuu na kampuni za teknolojia zimekuwa zikizungumzia infomatiki ya afya, data kubwa na akili bandia kama tiba ya maradhi mengi yanayozikumba hospitali zetu. Makala haya yanaeleza maana ya mambo hayo, hatua ambayo Kenya imefikia, na sababu ya mafanikio yake kutegemea jambo moja linaloonekana dogo: iwapo takwimu zinazotoka wodini zitarudi wodini.

Infomatiki ni nini?

Infomatiki ya afya ni taaluma inayohusu jinsi habari za afya zinavyokusanywa, kuhifadhiwa, kusafirishwa na kutumiwa kufanya uamuzi. Tarakilishi ni chombo chake kimojawapo tu. Rejista ya karatasi iliyopangwa vizuri ni sehemu ya infomatiki, sawa na ujumbe wa simu unaomkumbusha mgonjwa siku yake ya kliniki.

Data kubwa nayo ni lundo la habari ambalo, kwa wingi wake, kasi ya kuongezeka kwake na jinsi lilivyochanganyika, haliwezi kusomwa na mtu kwa macho na akalimaliza. Madai ya bima kutoka maelfu ya hospitali, matokeo ya maabara, picha za eksirei na rekodi za mamilioni ya simu ni mifano yake. Likichambuliwa kwa programu maalumu, lundo hilo huweza kufichua mwelekeo ambao daktari mmoja hawezi kuuona, kwa kuwa yeye hukutana na mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Ama kuhusu ubora wa matibabu, msomi Avedis Donabedian wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani alipendekeza mwaka 1966 kwamba upimwe kwa pande tatu. Upande wa kwanza ni muundo, yaani majengo, vifaa na wahudumu. Wa pili ni mwenendo, yaani mambo anayotendewa mgonjwa hasa. Wa tatu ni matokeo: je, amepona, amelemaa au amefariki?

Nchini mwetu, upande wa kwanza ndio unaopigiwa debe. Jengo jipya likikamilika, viongozi hukusanyika na utepe hukatwa. Pande mbili zilizosalia hazina utepe wa kukatwa, na haziwezi kuonekana ila kwa takwimu.

Safari ya tarakimu moja

Tuifuate safari ya tarakimu moja. Mama anapojifungua katika hospitali ya umma mjini Ruiru, mkunga huandika habari zake katika rejista ya wodi ya uzazi inayojulikana kama MOH 333. Mwisho wa mwezi, afisa wa rekodi za afya huhesabu mistari ya rejista hiyo na kujaza fomu ya muhtasari, MOH 711. Chanjo zina fomu yake, MOH 710. Wagonjwa wasiolazwa walio chini ya umri wa miaka mitano huhesabiwa katika MOH 705A, na waliozidi umri huo katika MOH 705B.

Kufikia katikati ya mwezi unaofuata, takwimu hizo huwa zimeingizwa katika mfumo wa kitaifa wa habari za afya, KHIS, unaotumia programu iitwayo DHIS2. Programu hiyo ina mizizi yake Afrika Kusini baada ya mabadiliko ya mwaka 1994, kisha ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Kenya ilikamilisha kuisambaza kote nchini mwaka 2011, ikawa miongoni mwa mataifa ya kwanza barani Afrika kuitumia kitaifa kupitia intaneti. Leo hii inatumika katika zaidi ya nchi 70.

Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, tazama mwelekeo wa safari yenyewe. Tarakimu hupanda kutoka wodini hadi ofisi ya kaunti ndogo, kutoka hapo hadi kaunti, na kutoka kaunti hadi Afya House jijini Nairobi. Mkunga aliyeandika mstari wa kwanza aghalabu hubaki na rejista yake tu. Ukimuuliza anaijaza kwa ajili ya nani, huenda akakujibu kwamba ni kwa ajili ya ripoti.

Hapo ndipo ubovu huanzia. Kazi isiyomfaidi anayeifanya hufanywa shingo upande. Nafasi huachwa wazi, tarakimu hukisiwa, na usiku wenye wagonjwa wengi rejista hujazwa kesho yake kwa kukumbuka. Takwimu hizo zikifika Nairobi huwa zimepangwa katika grafu za kupendeza, lakini grafu haiwezi kuwa bora kuliko kalamu iliyoianzisha.

Funzo la Vienna

Faida ya tarakimu zinazobaki mikononi mwa mtabibu si jambo la jana. Katika miaka ya 1840, daktari Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungary, alifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, iliyokuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, na nyingine na wakunga. Vitabu vya hospitali vilionyesha kwamba akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari walikuwa wengi zaidi kuliko wa wodi ya wakunga.

Semmelweis alichunguza tofauti za wodi hizo na kugundua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha akina mama. Katikati ya Mei 1847 aliamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo vifo vilikuwa asilimia 18.3. Mwezi wa Juni vilishuka hadi asilimia 2.2.

Hakuwa na tarakilishi. Alikuwa na rejista mbili zilizotunzwa vyema, na udadisi wa kuzilinganisha. Jambo la kusikitisha ni kwamba wenzake wengi walimpinga, kwani hawakutaka kuamini kuwa mikono yao ndiyo iliyoua. Funzo la pili la Vienna ni kwamba takwimu hazijitetei zenyewe. Lazima pawe na watu walio tayari kuzisikiza.

Ushahidi wa nyumbani

Kenya ina ushahidi wake. Mapema mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia rekodi za tarakilishi kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja foleni ukapungua kwa asilimia 38.

Hata hivyo, utafiti huo huo ulionyesha kwamba muda ambao mgonjwa alikaa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Je, hilo ni jema au baya? Tarakimu yenyewe haisemi. Ikiwa muda uliookolewa ni ule wa kutafuta faili na kunakili majina, basi ni jema. Ikiwa ni ule wa kumsikiliza mgonjwa, basi haraka hiyo haina baraka. Ndiyo sababu anayesoma takwimu za hospitali sharti aijue hospitali.

Mbegu ya Mosoriot ilizaa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoasisiwa mwaka 2004 na ambayo sasa hutumika katika mataifa mengi. Ndiyo iliyojengewa KenyaEMR, mfumo unaotumika katika kliniki nyingi za wagonjwa wa virusi vya HIV nchini.

Kutoka eneo hilo hilo la Eldoret ulitoka utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013. Watafiti walitaka kujua iwapo tarakilishi ingeweza kuwakumbusha matabibu huduma ambazo watoto wenye virusi vya HIV walikuwa wamecheleweshewa, kama vile vipimo vya maabara. Kikumbusho kilichapishwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya faili ya mtoto kabla hajaonwa. Kwa watoto waliokuwa na kikumbusho, huduma zilizocheleweshwa zilitekelezwa kwa asilimia 68. Kwa wasiokuwa nacho, zilitekelezwa kwa asilimia 18 pekee.

Matabibu walikuwa wale wale, na ujuzi wao haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba habari iliyokuwa imelala katika mashine ilimrudia mhudumu wakati alipoihitaji, ikiwa katika umbo alilozoea.

Aidha, mwaka 2013 Wizara ya Afya, mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, pamoja na Chama cha Madaktari wa Watoto nchini, ulianzisha mtandao wa hospitali za kaunti zipatazo 14 kwa ajili ya wodi za watoto. Kila mtoto aliyelazwa alijaziwa fomu ya aina moja inayomwelekeza daktari dalili za kuchunguza. Karani wa data aliingiza habari hizo katika tarakilishi, makosa yakasakwa kila siku, na kila baada ya miezi michache hospitali ilipokea ripoti ya utendaji wake ikilinganishwa na nyingine. Uandikaji wa dalili muhimu uliimarika. Madaktari waliona sura yao katika kioo, nao wakajirekebisha.

Hali kadhalika, kuna jaribio lililofanywa Nairobi na Kajiado kati ya mwaka 2007 na 2009 na kuchapishwa mwaka 2010. Wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya HIV walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki wenye neno moja: Mambo? Walitakiwa kujibu Sawa au Shida. Aliyejibu Shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Miongoni mwa waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wasiotumiwa. Neno moja la Kiswahili cha mtaani, likifuatwa na binadamu anayejali, lilitosha kuleta tofauti.

Thika yenye sura mbili

Mji wa Thika wenyewe si mgeni katika ulimwengu wa data. Ulikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa dawa za kuzuia maambukizi ya HIV uliohusisha jozi 4,747 za wanandoa na wapenzi nchini Kenya na Uganda, ambao mmoja wa kila wawili alikuwa na virusi. Mnamo Julai 2011, kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu hizo ilishauri kwamba hakuna sababu ya kuendelea kuwapa watu wengine vidonge visivyo na dawa, kwani manufaa yalikuwa yamedhihirika. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 hadi 75, kutegemea aina ya dawa. Kenya ilizindua dawa hizo kitaifa mwaka 2017.

Thika, Nairobi na Kisumu pia ndiko kulikofanywa utafiti wa chanjo ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu ilitoa kinga ya zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hicho katika kipindi cha miezi 18. Mwishoni mwa mwaka huo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali matumizi ya dozi moja kama mojawapo ya taratibu za chanjo.

Basi daftari la Thika limesomwa na ulimwengu mzima. Lakini tujiulize: kwa nini data ya mji huo huo iaminiwe Geneva, ilhali wodi za kawaida nchini zinang'ang'ana kujua idadi kamili ya wagonjwa waliolazwa? Katika utafiti, kila fomu hukaguliwa, kila kosa hufuatiliwa, na pana watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Katika wodi ya kawaida, muuguzi mmoja anawahudumia wagonjwa wengi na rejista ni mzigo wa ziada. Akili za watu hazitofautiani. Tofauti iko katika thamani tunayoipa kazi ya kuandika.

Ruiru inayokua kuliko hesabu zake

Ruiru ina tatizo la namna yake. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 238,858 katika mji huo. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 490,120. Katika miaka kumi mji uliongezeka zaidi ya maradufu, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kufunguliwa rasmi Novemba 2012 na mashamba ya kahawa kugeuka mitaa ya makazi. Kaunti nzima ya Kiambu ilipanda kutoka watu 1,623,282 hadi 2,417,735.

Kuna uhusiano gani baina ya idadi hiyo na ubora wa matibabu? Uhusiano ni mkubwa. Dawa, chanjo na wauguzi hupangwa kwa makadirio ya idadi ya watu. Makadirio yakiachwa nyuma na ukuaji, kituo hupelekewa chanjo za watoto wachache kuliko wanaofika mlangoni. Kwenye tarakilishi, kituo hicho chaweza kuonekana kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, jambo lisilowezekana, kumbe kigawanyo ndicho kilichokosewa. Isitoshe, akina mama wa Githurai na Kahawa huvuka mpaka wa Nairobi na Kiambu bila kujali ramani, na wale wa Murang'a na Machakos hufika Thika kwa sababu ndiko kulikokaribu.

Pamoja na hayo, takwimu zinazosomwa kwa makini huweza kusaidia hata kigawanyo kikiwa kibovu. Chukua chanjo ya pentavalenti, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tuseme kituo kimewapa watoto 200 dozi ya kwanza, lakini ni 160 tu waliopata ya tatu. Watoto 40, yaani asilimia 20, wamepotea njiani. Kwa kawaida, pengo linalozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa ishara ya tatizo.

Hesabu hiyo haihitaji sensa wala mtaalamu kutoka Nairobi. Muuguzi aweza kuifanya kwa kalamu. Kisha aulize: je, chanjo ziliisha siku fulani? Je, akina mama wanaofanya kazi viwandani wanashindwa kuja saa za asubuhi? Je, walihamia mtaa mwingine? Kila jibu lina dawa yake, na mhamasishaji wa afya ya jamii anayeujua mtaa aweza kubisha mlango wa kila mmoja wa wale 40. Serikali ilizindua zaidi ya wahamasishaji 100,000 nchini Septemba 2023 na kuwapa simu za kunakili habari za kila nyumba. Simu hizo zikitumika kutuma ripoti tu, zitakuwa rejista nyingine ya kupanda juu. Zikimwonyesha mhamasishaji mtoto aliyekosa chanjo wiki hii, zitaokoa maisha.

Data kubwa inapofanya kazi

Yapo maswali ambayo kalamu haiwezi kuyajibu, na hapo data kubwa huonyesha thamani yake. Katika utafiti uliochapishwa Oktoba 2012, wanasayansi walichambua mienendo ya simu za Wakenya wapatao milioni 15 kati ya Juni 2008 na Juni 2009, baada ya utambulisho wa wenyewe kuondolewa. Walipolinganisha safari hizo na ramani ya malaria, walibaini kwamba vimelea vingi husafiri na watu kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi na viunga vyake. Tabibu wa mji ambao malaria si ya kawaida akijua hivyo, hatapuuza homa ya mtu aliyetoka Kisumu wiki jana.

Mfano mwingine ni bima. Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, hazina iliyokuwapo tangu mwaka 1966. Madai ya hospitali sasa hupitia mfumo wa kidijitali, na programu yaweza kushtuka inapoona kituo chenye vitanda kumi kikidai kulaza wagonjwa arobaini usiku mmoja. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kuwasilisha madai ya uongo.

Hata hivyo, data ya malipo si data ya ubora. Huonyesha kilicholipiwa, na haionyeshi iwapo mgonjwa alipona. Marekani ilijifunza hayo kwa uchungu. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba programu iliyotumika sana hospitalini humo kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi zaidi ilipima ugonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu. Kwa kuwa Wamarekani weusi walitumiwa fedha kidogo zaidi, programu iliwaona kuwa wazima kuliko weupe waliokuwa wagonjwa sawa nao. Kwetu, maskini wa vitongoji vya Thika asiyefika hospitali kwa kukosa nauli ataonekana na mashine ya namna hiyo kama mtu mwenye afya njema.

Takwimu zinapokosa kuaminiwa

Hasara ya kukosa daftari linaloaminika ilionekana wazi Kiambu mwaka 2025. Madaktari wa kaunti hiyo waligoma kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba, takriban miezi mitano. Katika kipindi hicho, chama cha madaktari, KMPDU, na serikali ya kaunti walivutana hadharani kuhusu idadi ya watoto wachanga waliofariki hospitalini. Upande mmoja ulitaja idadi, na upande wa pili ukaikana.

Makala haya hayakusudii kuamua nani alisema kweli. Kinachohuzunisha ni kwamba suala hilo liliweza kubishaniwa. Kifo cha mtoto mchanga kinapaswa kuwa na tarehe, saa, uzani na sababu iliyoandikwa na kuchunguzwa kabla mwanasiasa hajatia neno. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka kila kifo cha mama mzazi kiripotiwe ndani ya saa 24 na kichunguzwe na kamati. Nchi iliyohesabu, kwa sensa ya mwaka 2019, vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai haiwezi kuyafanya mambo hayo kuwa hiari.

Kuaminiwa kuna upande wa pili, nao ni siri ya mgonjwa. Mtu asiyeamini kwamba siri yake italindwa hatasema kweli, na data yake itakuwa ya uongo tangu mwanzo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua habari za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2023. Lakini maswali hayajaisha. Mnamo Machi 2025, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitilia shaka ununuzi na umiliki wa mfumo wa kidijitali wa afya wa Sh104.8 bilioni. Desemba mwaka huo, baada ya Kenya na Marekani kutia saini mkataba wa ushirikiano wa afya, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kusimamisha sehemu zinazohusu kupeana data za wagonjwa. Mwananchi ana haki ya kujua daftari lake liko kwa nani.

Nini kifanyike?

Kwanza, kila wodi ibandike ukutani tarakimu zake chache za mwezi: waliojifungua, waliofariki, waliongoja kupita kiasi. Mkutano wa nusu saa wa kuzisoma kila mwezi una faida kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Pili, maafisa wa rekodi za afya waajiriwe vya kutosha na waheshimiwe. Eneo hili limebarikiwa kuwa na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pale Juja. Wanafunzi wa vyuo hivyo wakipelekwa wodini kusafisha rejista na kuchora grafu za miezi sita, hospitali itapata data na wao watapata elimu isiyopatikana darasani.

Tatu, mifumo izungumze. Rekodi ya mgonjwa wa Ruiru isomeke Thika, na ya zahanati ya kibinafsi isomeke katika hospitali ya umma, kwa idhini ya mgonjwa na kwa ulinzi wa sheria. Mfumo mpya usiosomana na wa zamani ni ukuta mwingine tu.

Nne, pawe na njia ya kufanya kazi umeme unapopotea au intaneti inapokatika, kwa kuwa mtoto hangoji mtandao urudi ndipo azaliwe.

Msomaji naye ana wajibu. Tunza kijitabu cha mama na mtoto kama unavyotunza kitambulisho. Taja jina lako lile lile na nambari ile ile kila unapotibiwa. Uliza unachoandikiwa. Na diwani wako anapojisifia jengo jipya la zahanati, muulize ni watoto wangapi waliozaliwa humo mwaka jana, na ni wangapi waliotoka wakiwa hai.

Tumrudie yule mama wa saa nane usiku. Akili bandia ya ng'ambo si ndiyo anayoihitaji saa hiyo. Anahitaji shinikizo lake la damu la mwezi uliopita limfikie muuguzi kabla yeye mwenyewe hajafika. Mkunga aliyempima kule Ruiru aliliandika. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mstari huo, badala ya kupanda hadi Nairobi na kulala katika grafu, unasafiri na mgonjwa kilomita zile chache hadi Thika.